Siku Karai Lilipopanda Juu ya Kabati

Daktari alimpa mume wangu masharti matatu, na mawili tuliyakubali palepale. Atembee kwa miguu kila siku, sawa. Ameze dawa kila asubuhi bila kuruka, sawa. La tatu ndilo lililoitikisa nyumba: apunguze chumvi, na vyakula vya kukaangwa kwenye mafuta mengi aviache. Kipimo cha presha kilikuwa kimesoma 160 kwa 100, na mafuta kwenye damu nayo yalikuwa yamepanda. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa Februari 2025. Ramadhani iko mlangoni, na mama mkwe ameshapanda basi Mombasa kuja kufunga nasi hapa Nakuru, mtaani Bondeni, na ndani ya kikapu chake amebeba kunde.

Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa kunde hizo zilikuwa za nini. Bajia za kunde ni futari ya Mombasa na Lamu. Kunde hulowekwa mpaka maganda yalegee, zikafikichwa na kumenywa, zikasagwa, zikatiwa kitunguu, pilipili na dania, kisha donge mojamoja likatumbukizwa kwenye karai la mafuta yaliyopata moto. Mume wangu amekulia bajia hizo. Anaweza kukaa mwaka mzima bila kuzitaja, lakini mwezi ukiandama tu anaanza kuziulizia.

Usiku ule nililipandisha karai juu ya kabati. Asubuhi Mama alifika, nikampa shikamoo yake, nikampokea kikapu, na kabla chai haijapoa nikamweleza aliyoyasema daktari. Alinyamaza kitambo akikitazama kikapu.

"Basi mwanangu atafuturu nini?"

Jibu jepesi lilikuwepo: sisi tule bajia, yeye apikiwe chake pembeni. Nililikataa siku ile na ninalikataa mpaka leo. Marehemu baba yangu, kule Njoro, alikuwa na sukari, na watu wa nyumbani kwa kumpenda wakamtengea sufuria yake, sahani yake, na mboga yake isiyo na ladha. Alikula peke yake huku akitupia jicho sahani za wenzake. Haukupita muda tukasikia anaonekana kwenye kibanda cha stendi akila chapati kwa supu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumgombeza. Mgonjwa akitengewa chakula hujiona ametengwa yeye mwenyewe. Chakula chake kisipoweza kuliwa na nyumba nzima, kwenye sinia moja na kwa hamu, basi bado hakijapikwa sawasawa. Kwa hiyo nilikuwa natafuta kitu ambacho hata watoto wangekigombania.

Nikamweleza Mama habari za falafeli. Wamisri huiita taamiya na huipika kwa maharagwe mapana yaliyokaushwa, yale waitayo ful. Wapalestina, Walebanoni na Wasyria hutumia zile dengu nene za manjano ambazo kwenye maduka ya Wahindi ni chana. Wayemeni nao wanayo yao, ya kunde, na jina lake ni bajiya. Nilipofika hapo kwa Wayemeni, uso wa Mama ulikunjuka.

"Hiyo ni bajia, mwanangu. Imetembea tu."

Naye alikuwa na haki. Ni jamii moja ya chakula, inayofuata mwambao kutoka Misri hadi kwetu: punje ya jamii ya kunde ikilowekwa, ikasagwa mbichi, ikatiwa viungo na kupikwa kwa moto mkali. Ila rojo la kunde ni laini, hupigwa mpaka likaumuka, na lazima mafuta ya moto yalishike pande zote kwa mara moja. Likiwekwa kwenye trei litatandaa. Chana zikisagwa kikavu hufinyangika kwa mkono na kukaa umbo lake. Ndiyo maana falafeli inaweza kuingia kwenye oveni. Zile kunde za kikapuni tulizipika mchuzi wa nazi nyepesi, na Mama akakubali kujaribu, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeonja viungo kabla falafeli hazijachomwa.

Chana tulizipata mjini, kwenye duka la nafaka la Mhindi, baada ya kuzunguka soko la Wakulima tukionyeshwa kila aina ya ndengu za kijani. Inaniuma kidogo kwamba hatukuzikuta sokoni, kwa sababu zinalimwa karibu nasi kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton, hapo Njoro, wamefanya kazi miaka mingi na taasisi ya utafiti wa mazao ya ICRISAT kutafuta mbegu za chana zinazofaa nyanda hizi, na wametoa aina zao zenye majina kama Chania Desi na Saina. Mkulima akishavuna ngano au mahindi, shamba linabaki na unyevu kidogo chini. Chana hupandwa hapo, mizizi yake ikaufuata unyevu huo, na mmea ukakomaa bila kungoja mvua nyingine. Tena hurudishia udongo naitrojeni. Mlo wa mgonjwa wa presha na dawa ya shamba lililochoka, vyote kwa punje moja, na mwenye duka bado anaziuza zilizoletwa kwa meli.

Tuliloweka nusu kilo. Hata maji ya kulowekea yalikuwa na mjadala wake. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba yake ya volkano, na meno yenye madoa ya kahawia utayaona kwa watoto waliozaliwa Nakuru, si kwa waliohamia wakubwa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Jimbo Katoliki la Nakuru limetengeneza kwa miaka mingi vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyoipunguza floridi hiyo, na maji yaliyochujwa namna hiyo ndiyo tunayoyanunua kwa kunywa na kupikia. Punje kavu ikilowekwa huyanywa maji na kuongezeka uzito karibu mara mbili, kwa hiyo maji yatakayoingia ndani yake ndiyo utakayoyala. Mama, ambaye kwao maji ya kisima yana chumvi ya bahari, alilielewa jambo hili haraka kuliko nilivyotarajia. Tukaziacha chana kwenye beseni, tukafunika kwa ungo, tukalala.

Sasa kuna dada anayenisaidia kazi za nyumbani, msichana mwenye bidii na huruma, mtu wa juu huko Kuresoi. Aliamka wakati wa daku kabla yetu sote, akaona beseni la punje zilizolowa, na akafanya lile ambalo mama yake angefanya: akazipeleka jikoni, akazitia kijiko cha magadi na kuziweka motoni. Kwao ni jambo la lazima. Nakuru yenyewe iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kuresoi ni juu zaidi, huchemka mapema zaidi, na maharagwe hukaa motoni nusu siku yakiwa bado magumu. Magadi huyalainisha. Nilipoingia jikoni chana zilikuwa zimeiva vizuri sana, maganda yanaelea, harufu imejaa nyumba, na dada anatabasamu kwa kuwa ametupunguzia kazi.

Magadi yana sodiamu, ileile tuliyokuwa tunaikimbia kwenye chumvi. Lakini hata yangekuwa maji matupu, chana zilizochemshwa hazifai falafeli. Wanga ulio ndani ya punje mbichi hushikana unapopata joto kwa mara ya kwanza, na huo ndio unaolifunga donge. Ukishachemka kwenye sufuria umemaliza kazi yake. Donge halina tena cha kulishika. Watoto walisisitiza tujaribu hivyohivyo, tukajaribu, na kilichotoka kwenye trei kilitandaa kuanzia ukingo huu hadi ule, juu kimekauka, chini uji. Dada alitaka kulia. Mama alimshika mkono, akamwita mwanangu, akamwambia alete nazi. Zile zilizobaki sufuriani alizisuuza maji mara kadhaa kupunguza magadi, akazipika tui jepesi na bizari ya manjano namna wanavyopika mbaazi kwao, tukafuturu kwa mkate. Hakuna punje iliyotupwa siku hiyo.

Beseni lililofuata liliwekwa chumbani kwa Mama, chini ya kitanda.

Ijumaa, tarehe 7 Machi, chana zilikuwa tayari. Zilikuwa zimevimba na ukizibana kwa ukucha zinakatika bila kubonyea. Zilichujwa, zikatandazwa juu ya taulo safi hadi zikakauka nje. Blenda ilizunguka kidogo, ikanguruma, ikatoa harufu ya waya na kunyamaza. Blenda nyingi za nyumbani zinataka maji ndipo zisage, na maji ndiyo adui wa kazi hii. Ukiongeza, utapata rojo, na rojo litahitaji mafuta. Mama alishatoa kinu. Alitwanga kidogokidogo, akigeuza kwa mkono baada ya kila mapigo machache, na kila mara alichukua kiasi kidogo cha unga ule, akaufumbata, akafungua kiganja. Ukimeguka, anarudi kwenye mchi. Alipofungua kiganja na donge likabaki na alama za vidole vyake vyote vinne, bila kupasuka, chembe za manjano bado zinaonekana moja moja, alisema, "Hapo." Tukatia kitunguu, saumu, fungu zima la dania, jira iliyokaangwa kavu na kusagwa, pilipili manga, ufuta, na ndimu kuziba pengo la chumvi. Mama akaonja, akaongeza jira.

Tukafinyanga, tukabapa kidogo, tukapanga trei mbili. Oveni ilikuwa imefika nyuzi 200. Trei zikaingia. Harufu ilikuwa imeanza kutoka, na saa kumi na mbili na nusu inakaribia, stima ilipokatika mtaa mzima.

Mume wangu alikuwa amerudi kutembea, koo limekauka, amekaa mlangoni. Watoto wamepanga tende kwenye sahani. Ndani ya oveni iliyozima, falafeli zilikuwa zimepata joto bila kuiva, na zikiachwa zipoe hivyo zingebaki na ladha ya unga mbichi. Jiko la gesi lipo, na karai liko juu ya kabati, na nilimwona dada akiinua macho kulitazama, kisha akanitazama mimi. Mafuta yangemaliza kazi ile kwa dakika chache. Hakuna aliyesema neno.

Sauti ikatoka ua wa pili. Ni Shosho, jirani yetu, mjane anayeoka keki za kuuza kwenye oveni ya makaa aliyotengenezewa na mafundi wa jua kali: sanduku la bati, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Yeye ni Mkatoliki, na mwaka ule Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Ijumaa ile naye alikuwa amefunga, hali nyama.

"Leta hapa, mama! Makaa yangu bado yako na moto. Wacha kusimama."

Tukavuka ua, mimi na dada kila mmoja na trei yake, upepo wa vumbi la Machi ukitupiga, kanga ya Mama ikifunika trei ya mbele. Shosho alizipanga, akapunguza makaa ya juu kwa koleo, akauliza kilichomo. Nilipomwambia, akapendekeza kwamba siku nyingine tutumie maharagwe yake mekundu kutoka shambani Bahati, ni matamu na ya bei nafuu. Hapo nilisimama imara, na ninasimama imara kwa yeyote atakayesoma hapa: usifanye hivyo. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara vibaya, na huisha kwa kuchemshwa sawasawa kwenye maji, si kwa kupashwa joto la oveni. Chana, kunde na maharagwe mapana ndizo zilizozoeleka kwa kazi hii tangu zamani. Shosho alinisikiliza, akasema maharagwe yake basi yatabaki kwenye githeri.

Wakati tunangoja nilimsimulia kwamba huko Misri husimuliwa kuwa ni Wakristo wa Kikopti walioianza taamiya, wapate cha kushiba siku za mfungo wanapojizuia nyama. Alifurahi. Akachukua kiti chake akakisogeza karibu na moto.

Adhana ikaadhiniwa. Tulifuturu tende na maji, wanaume wakaswali, na trei zikaja zikiwa na rangi ya kahawia chini na juu. Mume wangu akachukua moja, akaimega kwa sauti ya kukatika iliyotupa matumaini, akatafuna. Akatafuna tena. Akanyoosha mkono kwenye glasi ya maji, akanywa, akatafuna. "Ladha ni bajia kabisa," alisema, "ila haishuki."

Ilikuwa kavu. Ukoko mzuri, viungo mahali pake, lakini katikati unyevu umekwisha. Hapa ndipo nilipoanza kuyaheshimu mafuta kwa kazi yake. Mafuta ya moto huzunguka donge lote kwa mara moja, hufunga ukoko haraka, na maji yaliyo ndani huchelewa kutoka. Hewa ya oveni ni ya polepole. Kabla ukoko haujafunga, mvuke unatoka. Na huku juu, penye hewa nyepesi na kavu, mvuke hutoka upesi zaidi kuliko Mombasa. Maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa pwani ya Beirut hayawezi kutoa matokeo yaleyale huku kwetu chini ya mlima Menengai. Kazi ya mafuta lazima ipewe mtu mwingine.

Jioni zilizofuata, nyumba yetu na ua wa Shosho viligeuka jikoni moja. Shosho alileta karoti za Mau Narok, akazikwaruza nyembamba. Zinashika maji na kuyaachia polepole. Mama akaacha kukamua vitunguu, akaongeza terere iliyokatwakatwa ndani ya dania. Mimi nikatia vijiko viwili vya mafuta ndani ya mchanganyiko wenyewe na viwili vingine vya kupaka trei, na kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120, kwa hiyo hesabu ya nusu kilo nzima ya chana inajulikana na inagawanyika kwa watu wote wa mezani. Dada ndiye aliyegundua lililosaidia kuliko yote: kuipasha trei kwanza ndani ya oveni mpaka iwe ya moto kabisa, ndipo madonge yawekwe juu yake. Yakigusa bati yanalia, na ukoko wa chini unajifunga papo hapo. Robo saa, unageuza, robo saa nyingine. Madonge bapa, si ya mviringo, ili pande mbili pana zipate bati. Mchanganyiko ukipumzishwa saa moja kabla ya kufinyangwa, chembe hunyonya maji ya karoti na kuacha kumeguka.

Kwa mchuzi tulipiga maziwa ya mgando, tango na saumu, tukatia ndimu. Ufuta uliosagwa tuliupata baadaye, na watoto waliupenda mno.

Jioni ile falafeli zilipotoka sawa hapakuwa na hotuba. Sinia liliwekwa katikati, mikono ikaingia, na mtoto wa mwisho akamshika babake mkono kwa sababu alikuwa amechukua mbili kwa pamoja. Nilikaa nikiwatazama wanavyogombana. Mgonjwa alikuwa anazozana na watoto juu ya chakula chake cha mgonjwa, na Shosho, aliyealikwa, alikuwa amewatengea wajukuu wake tatu ndani ya leso.

Alipopimwa tena baada ya Idi, presha ilikuwa imeshuka. Sitasema falafeli ndizo zilizoishusha. Alikuwa anameza dawa zake na kutembea hadi Lanet na kurudi, na daktari alisema asibadilishe dawa bila kumuuliza. Ninachoweza kusema ni kwamba mwezi mzima ulipita na hakuna aliyemsikia kwenye kibanda chochote.

Mama amesharudi Mombasa. Anapiga simu kila baada ya siku kadhaa, na mara nyingi si mimi anayetaka kuongea naye, ni dada, kwa mambo ya trei. Wiki iliyopita alikuwa kwa mdogo wake Majengo, wamewasha oveni, na simu iliwekwa kwenye spika. Nilimsikia akimpigia kelele mtu jikoni huko: "Toa sufuria motoni! Nimesema zinalowekwa tu, hazichemshwi!" Kisha akarudi kwenye simu, akamuuliza dada kama kwa joto la Mombasa karoti bado zinahitajika, na dada, akipangusa mikono kwenye leso, akamwambia ajaribu nusu.